Aspirini za Dada

Bi Misumari alizungumza na wateja wake mdomo ukiwa umejaa misumari, na cha ajabu ni kwamba walimwelewa. Ile misumari midogo ya makochi, isiyozidi pingili ya kidole, aliitia mdomoni ishirini kwa mpigo. Ulimi uliigeuza mmoja mmoja, kichwa kikatangulia, akakigusa kwa nyundo yake yenye sumaku, msumari ukanata, ta! ukaingia kwenye mbao. Mkono wa kulia nyundo, wa kushoto unavuta kitambaa, mdomo ndio sanduku la vifaa. Baba yake alimfundisha hivyo, na hivyo ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka thelathini na minne bila kumeza hata msumari mmoja. Ukimwambia siku hizi kuna stepla za umeme, alikutazama kuanzia viatu kupanda juu, kisha akaendelea na kazi.

"Stepla ni ya karatasi," alisema siku moja alipobanwa sana. "Mimi sifungi barua."

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu kinachotazama barabara, katikati ya mchomelea vyuma na fundi simu. Ndani kulinukia gundi, mbao kavu na magunia mapya. Makochi yaliyovuliwa nguo yalisimama ukutani, springi nje, na sakafu haikukosa vipande vya sponji hata ufagie mara ngapi. Mfagiaji alikuwa mumewe, dereva wa malori mstaafu. Mgongo ulimwachisha kazi, lakini haukumwachisha utani. Alimwita mkewe Fundi, hata chumbani.

Saratani ya matiti ilimkuta Bi Misumari akiwa na miaka hamsini na sita, na oda ya viti kumi na viwili vya ukumbi wa mikutano. Daktari wa upasuaji alipomweleza kwamba ziwa la kushoto litaondolewa lote, yeye aliuliza swali moja tu: lini atashika nyundo. Daktari akadhani amechanganyikiwa kwa mshtuko. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilitaka tarehe.

Alipasuliwa. Akatiwa dawa za mishipani mpaka nywele zikaisha, akapitia mionzi, akarudi kazini kichwa kitupu, bila hata kitambaa cha kujifunika, yeye aliyezungukwa na vitambaa mchana kutwa. Mteja mmoja alipomwonea huruma kupita kiasi, aliambiwa, "Kichwa changu hakishoni viti, mama. Tuongelee rangi." Viti kumi na viwili vya ukumbi viliondoka vyote, vimechelewa miezi saba, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Matibabu makubwa yalipoisha, alipewa kidonge kimoja cha kumeza kila asubuhi kwa miaka mitano, pengine zaidi. Kliniki walimweleza vizuri: saratani yake ilikuwa ya aina inayokula homoni za mwili, na kidonge kile kilikuwa cha kuinyima chakula, ili kama kuna mabaki yamejificha mahali, yafe njaa. Bi Misumari alilipenda wazo hilo. Alimeza kwa ukali kila siku, kama anayemfungia mtu mlango.

Mwezi wa tano wa kumeza, vidole vikaanza kuuma. Alfajiri havikukunjika. Ilibidi aviloweke kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kushika hata kikombe, na mpaka saa nne ya asubuhi nyundo ilikuwa bado ngeni mkononi mwake. Alijikaza kisabuni. Alimwambia daktari wa kliniki mara moja, daktari akajibu kwamba hilo ni kawaida kwa dawa ile, naye akalimeza jibu hilo pamoja na kidonge. Kisha siku moja mteja akarudisha kiti. Kiti! Kitambaa kimelegea mbele, kinacheza kama shati la kuazima, kwa sababu mkono wa kushoto haukuwa na nguvu ya kuvuta. Tangu afungue karakana hajawahi kurudishiwa kazi. Alikivua kile kiti, akakivika upya mbele ya mteja, akamsindikiza mpaka nje kwa maneno mazuri. Kisha akaingia ndani, akakaa juu ya gunia la sponji, akalia kwa hasira. Saratani hakuililia hivyo.

Sasa hapo ndipo dada yake alipoingia na aspirini.

Dada huyu alimzidi miaka kumi na mitatu. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemlea Bi Misumari, akamsuka, akamchapa, akampeleka shule, yote hayo huku akifanya kazi ya ukarani posta. Kwa hiyo hakuwa dada wa kujibizana naye. Miaka kumi nyuma mshipa wake wa moyo uliziba, ukazibuliwa, na daktari wake wa moyo akampa aspirini ndogo ya kila siku. Tangu hapo aliiamini aspirini kuliko alivyowaamini watu. Basi alisoma kwenye simu yake kwamba wanawake wenye saratani ya matiti wanaomeza aspirini ndogo wanaishi zaidi, akafunga safari siku hiyo hiyo, na boksi tatu kwenye pochi.

"Madaktari wamechunguza," alisema, akiziweka mezani. "Si maneno ya mtaani haya. Mimi nameza mwaka wa kumi huu. Nitazame."

Bi Misumari alimtazama. Kweli dada alikuwa buheri wa afya. Akatazama vidole vyake mwenyewe. Na akafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye maumivu angeweza kuifanya: kama kidonge hiki kinazuia kile kile kinachozuiwa na kile kingine, kwa nini aendelee na kile kinachomnyang'anya mikono? Hakumuuliza mtu. Kesho yake aliamka, akakitia kidonge cha kliniki kwenye droo ya vifungo, akameza aspirini.

Na vidole vikafunguka! Wiki ya tatu alikunja ngumi alfajiri bila beseni. Wiki ya sita alivika kochi la watu watatu kwa siku mbili. Mumewe akamwambia, "Fundi, umerudi kazini au umeajiri mtu usiku?" Alicheka, na hakumwambia lolote. Alijiona ameishinda saratani na ameishinda na kliniki. Miezi minne alitembea na ushindi huo kifuani, akapiga nyundo mpaka mchomelea vyuma wa jirani akaja kuomba apunguze kelele.

Mwezi wa nne huo huo, wakili mmoja alileta viti sita vya chumba chake cha kusubiria. Kitambaa alikileta mwenyewe, cheupe chenye umanjano kidogo, cha gharama, kimepimwa sawasawa, bila nusu mita ya ziada. Bi Misumari alimwambia ukweli kwamba rangi ile ni ya watu wasio na watoto na wasiokunywa chai. Wakili akasema wateja wake wakishamwona yeye hawana hamu ya chai. Wakacheka, kazi ikaanza.

Kiti cha tano, saa tano ya asubuhi, jua limejaa mlangoni. Misumari mdomoni, mkono unavuta, nyundo inaimba. Akauchukua msumari mmoja, akaupiga, na alipoondoa nyundo akaona doa. Jekundu, dogo kama punje ya mtama, juu ya kiti cheupe.

Hakushtuka sana. Mafundi wa nguo na makochi wote wanalijua hili: ukijichoma ukadondosha damu kwenye kitambaa, itafutwe kwa mate yako mwenyewe, mara moja, kabla haijakauka. Mate ya mtu huitoa damu yake kuliko sabuni yoyote. Alifundishwa akiwa na miaka kumi na miwili, na amefanya mara mamia. Akatema misumari kiganjani, akakata kipande cha uzi mweupe, akakitafuna kikalowa, akakandamiza juu ya doa na kusugua kwa duara.

Doa likawa sarafu. Akatafuna uzi mwingine, akasugua tena kwa bidii, na sarafu ikawa kisahani. Akasimama akiwa haelewi. Kisha akautazama ule uzi mkononi, ulikuwa mwekundu mwanzo mpaka mwisho, akatema mate sakafuni, nayo yalikuwa damu.

Alikwenda kwenye kioo cha mumewe cha kunyolea nyuma ya mlango, akajifunua midomo. Fizi zote zilikuwa zikivuja, kila mahali misumari ilipokuwa imegusa. Vichubuko ambavyo kwa miaka thelathini na minne vilifunga kabla hajavihisi, sasa vilikataa kufunga. Akakumbuka na mavilio ya damu mapajani, ambayo alidhani ni kugonga miguu ya makochi. Akakumbuka damu ya puani wiki iliyopita, aliyosingizia vumbi la magunia.

Mumewe aliingia na ufagio, akamwona, akauangusha. "Fundi! Umemeza msumari?"

"Afadhali ningemeza msumari," alisema.

Akamwambia yote, pale pale, midomo myekundu: droo ya vifungo, aspirini, miezi minne. Mumewe hakufanya utani. Alikaa kwenye kiti cha wakili kisichokamilika, akainamisha kichwa. "Ungeniambia," alisema. "Mimi ningefanya nini sijui, lakini ungeniambia." Bi Misumari alikasirika kwa kumwona mzee wake ameinama hivyo, na hasira hiyo ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, haikuwa na pa kwenda.

Wakili alipigiwa simu mchana huo huo. Alijaribu kuwa muungwana. Alisema kile kiti kinaweza kuwekwa pembeni, doa likaelekezwa ukutani. "Hakuna kiti changu kinachosimama kwa kujificha," alijibiwa. "Nitakitafuta kitambaa hiki hiki mpaka nikipate. Mpaka siku hiyo, wateja wako watasubiri kwenye viti vitano." Akakata simu na kukivua kitambaa kile kwa koleo.

Miadi ya kliniki ilikuwa Jumatano. Alikaa kwenye benchi la korido pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na faili lake mapajani, na akatunga uongo mzuri sana, mfupi, unaoingia akilini. Alipoitwa, akakuta daktari ni yule yule, binti mdogo kwa umri kuliko mwanawe wa mwisho, anaandika.

"Vidonge vinakwendaje, mama?"

Uongo ukagoma. "Sivimezi," alisema. "Nimeacha, huu ni mwezi wa nne. Nameza aspirini ndogo kila asubuhi, na vidole vyangu vimepona. Sasa andika."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mbona hukuniambia vidole vinakusumbua kiasi hicho?"

"Nilikuambia. Ukaniambia ni kawaida. Ulikuwa unaandika, kama ulivyokuwa unaandika sasa hivi."

Nje muuguzi aliita jina la mtu mwingine. Binti yule angeweza kujitetea, kwa maana foleni ilikuwa ndefu na faili lilikuwa nene, lakini hakujitetea. "Nisamehe, mama," alisema. "Kosa langu hilo." Akavuta kiti chake kutoka nyuma ya meza, akakaa karibu naye, akavishika vile vidole, akavikunja na kuvikunjua kimoja kimoja. Kisha akamwomba afungue mdomo, akatazama fizi, akakunja uso.

"Aspirini haikuponya vidole vyako," alisema. "Vimefunguka kwa sababu umeacha kile kidonge. Ungemeza maji matupu, vingefunguka vilevile."

Hilo lilimchoma. Lilikuwa jambo rahisi kabisa, na hakuwa ameliona. "Na saratani je? Dada yangu amesoma. Wanaomeza wanaishi zaidi."

"Dada hakuokota uongo. Chunguzi za namna hiyo zilikuwepo, na sisi wenyewe tulitamani sana ziwe kweli. Dawa rahisi, ipo kila duka! Lakini zile chunguzi ziliangalia nyuma tu: nani alikuwa akimeza, nani hakumeza, nani bado yupo. Sasa mtu anayekumbuka kumeza aspirini kila siku labda anajitunza na kwa mengine pia. Labda tangu mwanzo alikuwa na nguvu kuliko mwenzake. Utajuaje kama ni aspirini iliyomsaidia?"

"Kochi la wageni," Bi Misumari alisema.

"Nini, mama?"

"Mtu ananijia, ananiambia, kitambaa hiki ni chuma, miaka kumi hakijachanika. Namuuliza kochi lilikaa wapi. Sebule ya wageni! Linakaliwa na watu wawili kwa mwezi, tena wenye adabu. La jirani yake linarukiwa na watoto watano, halafu yeye anakisifu kitambaa chake."

Daktari akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Ndiyo hasa! Sasa wewe ungetaka kujua kitambaa kipi kigumu, ungefanyaje?"

"Ningevika viti vya chumba kimoja. Nusu hiki, nusu kile, bila kumchagulia mtu pa kukaa."

"Basi walifanya hivyo. Maelfu ya watu wenye saratani ya matiti waligawanywa kama kwa kura. Wengine wakapewa aspirini, wengine kidonge kinachofanana nayo ambacho hakina dawa. Mwenyewe hajui anameza kipi, hata daktari wake hajui. Wa aspirini hawakupata nafuu yoyote kuliko wenzao. Jaribio lile lilisimamishwa mapema, kwa kuwa hapakuwa na dalili kwamba ingefaa."

"Walimeza kiasi gani?"

"Zaidi ya chako."

"Basi labda kidogo ndicho kinachofaa."

"Labda. Wapo wanaoendelea kuchunguza, na siku moja wanaweza kuniambia kitu kipya. Kwa saratani nyingine, ya utumbo kwa mfano, habari ni tofauti kidogo. Lakini kwa yako, mpaka leo sina ushahidi wa kukupa kwamba aspirini, ndogo au kubwa, inaizuia isirudi. Na kwamba inamwaga damu, huo ushahidi unao mdomoni."

Bi Misumari aliitafuta hasira yake, akaikuta ipo, ila imegeuka upande. "Wale wa kura," alisema. "Walikuwa wagonjwa kama mimi?"

"Kama wewe."

"Na wakakubali kumeza bila kujua ni dawa au si dawa?"

"Wakakubali."

Aliwaona kabisa, ingawa hakuwajua hata mmoja: wanawake kwenye mabenchi kama lile la nje, faili mapajani, kila asubuhi wanameza kitu wasichokijua, mwaka baada ya mwaka, wengine ugonjwa ukiwarudia wakiwa wanameza. Wamelipata jibu kwa miili yao, na yeye amekaa kwenye droo yake ya vifungo anajitungia lake. Aliona aibu, na hakuipenda hata kidogo.

"Nipe mpango," alisema. "Lakini nisikilize kwanza. Bila mikono mimi si mtu. Ukinirudishia kidonge kile kile utakuwa umeniua kwa njia nyingine."

Safari hii daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba vidonge vya jamii ile si kimoja, na mwingine akisumbuliwa na hiki huvumilia kile. Apumzike wiki chache, damu itulie, kisha waanze kingine. Akamwonyesha mazoezi ya vidole, akampa tarehe ya karibu ya kurudi. "Siwezi kukuahidi kwamba hakitauma," alisema.

"Sijaomba ahadi. Nimeomba nikisema vidole, uandike vidole."

Daktari akaandika, akamgeuzia karatasi asome. Alipokuwa anatoka akamwita tena. "Na dada yako asije akaacha ya kwake! Ile ni ya moyo, kaandikiwa na daktari wake. Aendelee nayo."

Kutoka kliniki hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa dada, akamkuta sebuleni anakunja nguo, na kabla hajakaribishwa kiti akaziweka boksi mbili zilizobaki juu ya zile nguo.

"Nimekurudishia, dada. Sitaki tena."

"Umeanza ukaidi wako," dada alisema bila kuinua macho. "Mtu anakutafutia uzima, wewe unaleta kichwa ngumu."

"Niliacha dawa ya daktari nikameza yako."

Mikono ya dada ikasimama. "Nani alikuambia uache? Mimi nilikuambia uongeze! Nilikuambia uache, mimi?"

"Hukuniambia. Niliacha mwenyewe. Lakini niliacha kwa sababu ulikuwa na uhakika sana, na mimi nilikuwa nimechoka, nikauazima uhakika wako."

Akamweleza damu, kiti cha wakili, kura, wale wanawake. Dada alisikiliza akiwa ameshika shati la mjukuu kifuani. Mwishoni alisema kwa ukaidi ule ule wa ukoo wao, "Madaktari leo wanasema hivi, kesho vile. Meza vyote viwili, ukose nini?"

"Nikose damu!" Bi Misumari alipaza sauti, jambo ambalo tangu azaliwe hakuwahi kulifanya mbele ya dada yake. "Wenzangu wamemeza mpaka wakalijua jibu. Wamenipa bure. Nikiendelea kumeza kwa sababu dada yangu anapenda, nitakuwa nimewatemea mate. Sitawatemea. Nitameza kinachofaa hata kikiniuma, na kisichofaa sikimezi hata kikitoka kwako."

Dada aliketi. Uso wake ulizeeka pale pale. "Basi mimi sina la kukupa," alisema.

Bi Misumari akaondoka. Wiki tano dada hakukanyaga kwake wala kupiga simu. Mumewe alitania kwamba posta ya dada imefungwa kwa matengenezo, lakini hata yeye hakucheka.

Fizi zilifunga. Kidonge kipya kilianza, na vidole vikarudi kuuma, si kama mwanzo, ila vya kutosha: badala ya saa nne, vilifunguka saa mbili na nusu. Alizihamisha kazi za kuvuta zikawa za mchana, asubuhi akawa anakata na kupima. Daktari aliandika yote. Kitambaa cha wakili kilipatikana mji wa tatu kutoka pale, na kile kiti kikaungana na wenzake.

Ndipo asubuhi moja, saa moja na robo, mlango ukagongwa, dada akaingia bila pochi, mikono mitupu. Mumewe akampisha, akaenda kuchemsha maji. Bi Misumari alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni la kazi limemfika mabegani na vifungo vyote tisa viko wazi, anapigana na cha chini kabisa. Kidole gumba kilikuwa hakikunjiki.

"Umefanya vizuri kuja," alisema bila salamu. "Nifunge."

Dada alisogea, akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mikono, na macho yakamkimbilia dirishani. Bi Misumari akaelewa kitu ambacho hakuwahi kukiwaza. Dada huyu aliyemwogesha utotoni, aliyemjua mwili wake wote kabla yeye mwenyewe hajaujua, tangu upasuaji hajawahi kumtazama kifua. Hospitalini alipanga maua. Nyumbani alipanga mito. Kisha akaleta boksi.

"Dada. Acha dirisha."

"Nakufunga, si nakufunga?"

"Hujafunga kitu. Niangalie." Akalifungua gauni lote kwa viganja, kwa kuwa vidole vilikataa, akaketi wima. Kovu lilitoka karibu na kwapa likashuka kwa mshazari mpaka katikati ya kifua, limenyooka, lina alama za mishono pande zote mbili. Upande ule ulikuwa bapa. "Huyu ndiye mimi. Nimeshonwa na mtu anayeijua kazi yake. Tazama mpaka uchoke."

Dada alitazama. Machozi yakamwagika bila sauti, na hakuyafuta, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshapanda wenyewe, ncha za vidole zikafuata lile kovu polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Panauma?"

"Hapana. Vidole ndivyo vinauma."

Dada akaanza kufunga, kutoka chini kwenda juu, macho bado yamejaa maji. Alifunga vyote, akalisawazisha gauni mabegani, akampiga kofi dogo pajani kumaanisha amemaliza. Alikosea kimoja. Kifungo kilibaki juu bila tundu, upande mmoja wa gauni ukapanda na mwingine ukashuka. Alipoona akasema, "Ngoja, ngoja, nirudie."

"Usiguse," Bi Misumari alisema, akasimama. Akavuka barabara kwenda karakana hivyo hivyo, gauni limekwenda upande, na mchana kutwa hakumruhusu mtu kulirekebisha.